Nistatini ya maji kwa fangasi wa chini ya meno ya bandia: inasaidia ila ina masharti

Kwa ufupi dawa inafanya kazi, mi naipa nne kwa tano. Wekundu kwenye kaakaa pale meno ya bandia ya juu yanapokaa umepungua kabisa na pembe za mdomo hazipasuki tena. Lakini jamani ladha!! ni utamu fulani wa kuboa, na chupa nyingine zina sukari ndani kwahiyo mwenye kisukari amuulize mfamasia kwanza.

Sasa kitu ambacho kikaratasi hakisisitizi, lazima uvue meno kwanza ndo uweke dawa, mara nne kwa siku, baada ya kula, uizungushe mdomoni ukae nayo kadiri unavyoweza ndo umeze, maana nistatini inaua fangasi inapogusa tu, haiingii mwilini kihivyo, ukinywa fasta kama maji umepoteza hela. Tikisa chupa pia. Na ukiona pamepoa usiache hapohapo, endelea kama siku 2 hivi.

Halafu hao fangasi, Candida, wanang'ang'ania kwenye plastiki ya meno yenyewe, so ukitibu fizi tu ukalala nayo usiku wanarudi. Yavue, piga brashi, loweka (sio maji ya moto, yanapinda). Kama unasukutua na klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu mdomoni) usichanganye muda mmoja, inaiua nguvu nistatini.

Nyota moja nimekata kwa usumbufu, mara nne kwa siku kuvua meno mbele za watu kazini si mchezo aisee