Boksi la foma, deli au begi laini? Tumepima vya kusafirishia samaki wa Feri kwa ndege

Karibuni tena, watazamaji wetu. Leo mezani kuna vitu vitatu vya kusafirishia samaki waliogandishwa: boksi jeupe la foma kama wanalotumia wafanyabiashara wa samaki, deli gumu la plastiki, na begi laini lenye ngozi ya fedha ndani. Pembeni ipo mashine ya kuvuta hewa na kufunga mifuko. Kinachotafutwa ni kununua nguru au kamba pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, kupanda ndege Terminal 3 ya uwanja wa Julius Nyerere, na kumkuta samaki bado mgumu saa 20 baadaye.

Kabla ya vyombo, nyama. Kama unaenda nchi za Umoja wa Ulaya, Uingereza au Marekani, nyama ya ng'ombe au mbuzi ya Tanzania iache nyumbani, mbichi na ya kukausha vilevile. Wenzetu wanaogopa magonjwa ya mifugo, hasa ugonjwa wa miguu na midomo, na kifungashio kizuri hakibadilishi lolote. Itachukuliwa na kutupwa. Samaki ana njia. Umoja wa Ulaya unamruhusu abiria kilo 20 za samaki kwa matumizi yake, au samaki mmoja akiwa mzito zaidi ya hapo, ila samaki mbichi lazima awe ametolewa matumbo. Kwa hiyo pale Feri usiishie kuparwa magamba, sema na matumbo yatoke yote. Marekani ukifika unatamka kwa maofisa wa forodha kwamba una samaki, hata kama ni kipande kimoja cha nguru. Na papa mkavu, jamani, tahadhari. Tangu Novemba 2023 aina nyingi za papa ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, na bila kibali hazivuki mpaka. Kwa upande wa kutoka hapa nchini, kanuni za samaki ziko kwa idara ya uvuvi. Waulize kuhusu kibali kabla hujanunua, usisubiri foleni ya uwanjani.

Sasa vyombo. Mshindi wetu ni boksi la foma, tena dogo. Hili hapa lina sentimita 40 kwa 30 kwa 20 ndani, kuta zake zina unene wa sentimita 3. Linabeba kilo 16 za samaki waliobapa vizuri, na lenyewe halifiki kilo moja. Deli la lita 25 hadi 30 linaweza kula kilo 3 mpaka 5 kabla hujaweka hata dagaa. Begi lako kwa kawaida lina kikomo cha kilo 23, kwa hiyo kila kilo ya plastiki ni kilo ya samaki uliyoiacha Dar.

Wengi wanauliza, mbona deli ni gumu zaidi? Ni kweli, halipasuki. Lakini ugumu wa ganda si uzuiaji wa joto. Fungua mfuniko wa madeli mengi ya bei nafuu uugonge hivi kwa kidole. Unasikia? Uko wazi ndani, umejaa hewa tu, na joto linapita pale juu. Halafu kuna hiki kizibo cha kumwagia maji, hapa chini. Kwenye mikanda ya mizigo kinagongwa kinafunguka, maji ya samaki yanamwagikia mabegi ya watu. Kama deli ndilo ulilonalo, kizibo kizungushie utepe wa gundi mara tatu. Begi laini lina kazi yake, kutoka Feri mpaka Mbagala. Kwa safari ya saa 20 hatulipendekezi kabisa, kuta zake ni nyembamba mno.

Udhaifu wa foma ni kuvunjika, na uwanjani wanaweza kulikataa likiwa halina kitu cha kulifunika. Livishe nguo: boksi ndani ya katoni nene inayolibana, katoni ndani ya shangazi kaja mpya yenye zipu nzima. Nguo hizo zote hazizidi kilo moja na nusu. Usilizungushie utepe kila upande kama unafunga maiti, maana wakaguzi wakitaka kulifungua watalikata kwa kisu na hawatalifunga ulivyolifunga wewe. Mistari miwili ya utepe inatosha, na juu ya mfuniko bandika karatasi ya vilivyomo kwa Kiingereza, aina na kilo.

Haya, jambo lenyewe sasa. Barafu yako kuu ni samaki mwenyewe. Tuliweka hesabu ya boksi hili kwa saa 20, nje wastani wa nyuzi 25, samaki wakiwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Joto linaloingia linatosha kuyeyusha kilo 3 na nusu hivi. Ukiwa umejaza kilo 16, waliolegea ni wa pembeni na moyo wa boksi bado ni jiwe. Ukiweka kilo 5 tu humohumo, wengi wao wameyeyuka. Boksi lilelile, safari ileile! Ndiyo maana tunasema nunua boksi dogo ulijaze, usinunue kubwa ukaliacha na nafasi. Pengo likibaki, lijaze magazeti yaliyokunjwa, yatafyonza na unyevu.

Na wazo la kwamba huko chini ya ndege kuna baridi kali kwa hiyo samaki hawayeyuki, liacheni. Sehemu ya mizigo ina shinikizo la hewa kama kwa abiria na haigeuki friza. Tena safari haiko angani tu. Kuna mzigo kukaa juani kwenye kigari, kuna kubadilisha ndege Doha au Dubai ambako kiangazi joto linapita nyuzi 40.

Pakiti za jeli na chupa za maji? Ukijaza boksi huzihitaji, zinakula uzito. Watu wanapenda kutia chumvi nyingi kwenye chupa wakidhani barafu itakuwa kali zaidi. Maji yaliyokolea chumvi yanaganda kwenye nyuzi 21 chini ya sifuri, na friza ya nyumbani inaishia 18. Unabeba chupa ya maji baridi, basi. Barafu kavu, yaani gesi ya kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, inaruhusiwa kilo 2.5 kwa abiria, kwa idhini ya shirika la ndege kabla ya safari, na boksi liandikwe na liwe na pa kutolea gesi. Usithubutu kuifungia kwenye deli lenye mpira wa kubana, litapasuka. Kwa saa 20 na boksi lililojaa, tunasema iache.

Kugandisha ndiko watu wanakofeli. Kile kifriza cha juu cha friji hakitoshi, kinalainisha kila ukifungua mlango. Tafuta friza ya kulala. Nguru mkate vipande vya sentimita 2 na nusu hadi 3, panga pakiti zikiwa zimelala bapa bila kubebana, mpaka zigande ndipo uzipange juu ya nyingine. Ipe saa 48 kamili, na ikiwa umeme umekatika katikati, anza kuhesabu upya. Mzigo wa moto uliotupiwa kwa pamoja kilo 16 unaganda nje tu. Toa pakiti moja, igonge na nyingine: sauti iwe ya vigae viwili. Ikisikika bubu, bado.

Mashine ya kuvuta hewa tunaipa alama nzuri, lakini ina tabia yake. Samaki mwenye maji ukimweka moja kwa moja, inavuta maji mpaka kwenye mstari wa kufungia na plastiki haishiki. Mgandishe kwanza saa moja na nusu bila mfuko, umpanguse, ndipo ufunge. Tazama karibu hapa: huu mstari una ukungu na vipovu, utaachia. Huu mwingine unang'aa na ni bapa mwanzo mpaka mwisho. Piga mistari miwili, ukiacha sentimita moja kati yake. Kwa kamba, huu mwiba wa kichwani unatoboa mfuko wowote. Toa vichwa vyote. Weusi wa kamba nao huanzia huko kichwani, kwa hiyo unaondoa matatizo mawili kwa kisu kimoja. Pweza mkunjue awe bapa, kuganda kunamlainisha pia. Mifuko hii ya kufungia chakula si ile ya kubebea iliyopigwa marufuku Juni 2019, ila rambo la kubebea usitoke nalo.

Kitu kidogo tunachowasihi mfanye: gandisha maji nusu kikombe kidogo chenye mfuniko, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu, kitie katikati ya boksi kikiwa kimesimama. Ukifika sarafu iko juu, moyo wa boksi haukuyeyuka. Imezama chini, barafu iliyeyuka njiani hata kama sasa pameganda tena.

Kwa nguru, jodari na vibua msicheze. Wakipata joto wanatengeneza histamini, na hiyo haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kugandisha tena. Mtu anawashwa, uso unakuwa mwekundu, moyo unamwenda mbio. Sumu hiyo inaweza kuanzia Feri kwenyewe, kwa hiyo nenda na boksi lenye barafu tangu asubuhi ya mnada.

Ukifika, choma kipimajoto katikati ya pakiti ya pembeni kabisa, hao ndio walioumia zaidi. Bado kuna chembe za barafu, au iko chini ya nyuzi 4? Rudisha kwenye friza. Imepita hapo na hujui tangu lini, tupa, hata kama roho inauma. Siku ya kupika, toboa mfuko kwanza ndipo umyeyushe kwenye friji. Ndani ya mfuko usio na hewa kunaweza kuwa na bakteria wa botulinamu, wenye sumu kali, wanaoweza kukua hata penye baridi ya friji, na hewa kidogo ndiyo inayowazuia.