Kottakkal, Kerala: Tathmini ya Tiba ya Ayurveda katika Mwezi wa Hija

Mtu anayetaka kwenda India kutibiwa kwa Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya huko, hasa mwenye baridi yabisi, maumivu ya mgongo au udhaifu wa viungo uliobaki baada ya kiharusi, ningemshauri aziache hoteli za ufukweni na aende hospitali ya Arya Vaidya Sala iliyoko Kottakkal, kaskazini mwa jimbo la Kerala. Ningemshauri pia aende baina ya katikati ya Julai na katikati ya Agosti, ingawa huo ndio wakati wa mvua kubwa ambao wageni wengi huukwepa. Nilikwenda na mama yangu, ambaye magoti yalikuwa yamemtesa kwa miaka, na ninayoyaandika hapa yanatokana na tuliyoyaona huko pamoja na historia ya mahali penyewe, kwa kuwa tiba ile haieleweki vyema mtu asipojua imeungana vipi na ibada na safari za hija za Wahindu wa Kerala.

Kipindi hicho ni Karkidakam, mwezi wa mwisho katika kalenda ya Kimalayalam. Upepo uleule wa kusi unaovuma katika pwani yetu ndio unaosukuma mvua hadi Malabar, pwani ya Kerala, na zamani mabaharia wetu waliufuata kuelekea India. Mashamba hujaa maji, kazi hupungua, na kwa karne nyingi watu wa Kerala wameufanya mwezi huu kuwa wa kuutunza mwili na kumkumbuka Mungu kwa pamoja. Jioni taa huwashwa nyumbani na Ramayana, utenzi mtakatifu wa Kihindu juu ya Rama, husomwa sehemu kwa sehemu mpaka mwezi uishe. Asubuhi watu hunywa uji wa mchele uliopikwa kwa mitishamba. Waganga wa Ayurveda wanaeleza kwamba katika hali ya hewa yenye unyevu na baridi mwili hupokea mafuta vizuri zaidi, ilhali nguvu ya kumeng'enya chakula hushuka, ndiyo maana chakula hupunguzwa na kuchaguliwa kwa uangalifu. Hata tembo hawasahauliwi: siku ya kwanza ya mwezi, katika hekalu la Vadakkunnathan mjini Thrissur, tembo wengi hupangwa uwanjani na kulishwa matonge ya wali yaliyochanganywa na sukari guru, samli na dawa.

Arya Vaidya Sala ilianzishwa mwaka 1902 na tabibu P. S. Varier, aliyetaka dawa za kale zitengenezwe kwa kipimo kimoja na ziuzwe zikiwa tayari, badala ya kila mgonjwa kwenda kuchemsha mizizi nyumbani kwake. Baadaye ilisimamiwa kwa zaidi ya miongo sita na mpwa wake, P. K. Warrier, aliyefariki Julai 2021 akiwa na umri wa miaka 100. Hekalu la Viswambhara, mungu wa ukoo wa Varier, limo katika maisha ya taasisi hiyo, na sherehe yake ya kila mwaka huambatana na maonyesho ya ngoma ya Kathakali ya kikundi ambacho mwanzilishi mwenyewe alikiunda mwaka 1939.

Tiba yenyewe ndiyo iliyonishawishi. Daktari humsikiliza mgonjwa kwa muda mrefu, hupima mapigo, huuliza juu ya usingizi, choo na hamu ya kula, kisha hupanga ratiba ya wiki kadhaa. Katika pizhichil, mgonjwa hulazwa juu ya kitanda cha mbao kilichochongwa kama hori, akamiminiwa mafuta ya dawa yenye uvuguvugu mwili mzima huku watu wa pande zote mbili wakimchua kwa mwendo mmoja. Wanawake huhudumiwa na wanawake, na wanaume na wanaume. Katika njavarakizhi, mchele maalumu wa njavara hupikwa kwa maziwa na maji ya mizizi, ukafungwa katika vitambaa na kukandwa mwilini ungali moto. Baada ya hapo hakuna jambo la kifahari: ni kupumzika, kula chakula kisicho na nyama wala samaki, kunywa dawa chungu kwa saa zilizopangwa, kutolala mchana na kutokesha. Mama alilalamikia ule uchungu kila siku, lakini alipoondoka alikuwa akipanda ngazi bila kushikwa mkono. Maumivu hayakuisha kabisa, wala daktari hakuwahi kutuahidi kwamba yangeisha, na uaminifu huo nauhesabu miongoni mwa sifa kubwa za huduma yake.

Kwa nini basi nasema hija ni sehemu ya habari hii? Si mbali sana kutoka Kottakkal upo mji wa Guruvayur, wenye hekalu la Krishna ambalo Wahindu wenye baridi yabisi wamelikimbilia tangu zamani. Inasimuliwa kwamba mshairi Melpathur Narayana Bhattathiri alijitwika ugonjwa wa mwalimu wake, viungo vikamkakamaa, akaenda kukaa mbele ya sanamu na kutunga beti za Narayaneeyam, takriban kumi kila siku kwa siku 100. Utenzi huo, ambao kwa kawaida hutajwa kuwa ulikamilika mwaka 1586, una beti zaidi ya 1,000, na unamalizika kwa kuomba umri mrefu, afya na furaha. Mpaka leo wapo wagonjwa wanaokaa Guruvayur kwa siku nyingi wakifanya ibada, na wengi wao hawaoni mgongano wowote baina ya kutibiwa kwa mafuta na kuombewa hekaluni. Katika Karkidakam waumini husafiri pia kuzuru mahekalu manne ya Rama na ndugu zake: Triprayar, Irinjalakuda, Moozhikulam na Payammal, yote kwa siku moja wakiweza. Hekalu la Irinjalakuda, ambalo ni la Bharata, mmoja wa ndugu hao, lina sadaka yake iitwayo mukkudi, mchanganyiko wa dawa unaotolewa kwa mungu kisha ukagawiwa waumini kwa ajili ya maradhi ya tumbo. Hapo dawa na sadaka ni kitu kimoja, na sijui mahali pengine ambapo nimeona jambo hilo kwa uwazi kiasi hicho.

Asiye Mhindu afahamu kwamba haruhusiwi kuingia ndani ya hekalu la Guruvayur. Nalisema hili kwa sababu dalali mmoja wa safari za matibabu alituahidi kutuingiza humo, na akatuhakikishia vilevile kwamba kisukari cha mama kingepona kabisa. Ahadi zote mbili zilikuwa za uongo, na ya pili ni ya hatari. Kwa upande mwingine, Mwislamu hatajiona mgeni Kottakkal. Malappuram, wilaya ambamo mji huo umo, ina Waislamu wengi, adhana husikika, na hospitali inawapokea wagonjwa wa dini zote.

Sifa hizi zisimfanye mtu aache dawa alizoandikiwa nyumbani. Saratani, kifua kikuu, shinikizo la damu na kisukari vinahitaji hospitali ya kawaida, na daktari wa Ayurveda mwenye elimu hukubali hilo bila kuona haya. Dawa za kununua madukani nazo zinahitaji tahadhari: utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliopima bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa katika eneo la Boston nchini Marekani, ulikuta 14 kati yake zina risasi, zebaki au aseniki. Wengi wetu Afrika Mashariki tuliisikia Kerala kupitia habari za matibabu ya macho ya binti ya marehemu Raila Odinga, ambazo Waziri Mkuu Narendra Modi alizitaja redioni Februari 2022. Binti huyo alitibiwa Sreedhareeyam, huko Koothattukulam, ambayo ni taasisi tofauti ya macho; wanaozichanganya hizi mbili hujikuta wameweka nafasi mahali pasipowafaa.

Vyumba vya Karkidakam huwahiwa miezi mingi kabla, kwa hiyo barua ya maombi pamoja na ripoti za daktari zitumwe mapema sana. Tangu mwaka 2023 India ina viza maalumu kwa wanaokwenda kutafuta tiba za jadi, nayo ni bora kuliko ya utalii. Anayetaka kuwaona mahujaji wa yale mahekalu manne awaone kabla ya tiba kuanza, kwa sababu foleni ni ndefu na mvua haina huruma, na kanuni ya Ayurveda inamtaka mgonjwa apumzike na kuendelea na miiko baada ya tiba kwa siku zilezile alizotibiwa. Sisi tuliipanga ndege ya kurudi mapema mno, na mama akaikamilishia miiko yake nyumbani.