Uzoefu wangu na TCA 30% nyumbani: nyota moja

TCA ni asidi kali ya kuchubua ngozi. Kichupa ni cha mililita 30, nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 30,000. Muuzaji: "Paka, ikikauka nawa. Wiki moja tu dada, utarudi kunishukuru." Nina makovu ya chunusi shavu la kulia na nilishachoka kuyafunika kwa poda.

Usiku nikachovya pamba, nikapaka. Ikawasha kama pilipili kwenye kidonda, lakini kwenye kioo sikuona kitu. Nikarudia mara ya pili, ya tatu. Ndipo weupe ukaanza kutokea, vidoa vidoa, mara shavu zima kama nimemwagikiwa unga. Nikadhani dawa imekauka juu. Nikanawa kwa maji na sabuni, weupe ukabaki palepale.

Daktari wa ngozi ndiye aliyenielewesha: zile ni protini za ngozi zimeganda, kama ute wa yai ukigusa kikaango. Asidi ya glaikoliki, nayo ya kuchubua ngozi, huweza kuzimwa ikiwa usoni. TCA ikishazama, maji hayaitoi. Mtaalamu anahesabu anapaka mara ngapi na anausoma ule weupe ajue pa kuishia. Mimi nilikuwa nasoma meseji.

Akaniuliza usiku huwa napaka nini. Tretinoini, ya chunusi. Akatikisa kichwa. Hiyo inapunguza unene wa ngozi ya juu kabisa, kwa hiyo asidi inapenya zaidi. Ilitakiwa niiache siku kadhaa kabla. Lebo haikugusia hilo, na muuzaji hakuuliza.

Siku ya tatu shavu likawa la kahawia, limekakamaa kama ganda la kitunguu. Siku ya tano nikalibandua kwa kucha (hilo ni langu, simlaumu mtu). Chini kulikuwa kubichi. Baada ya wiki tatu pakawa peusi kuliko yale makovu, maana ngozi zetu hizi zikijeruhiwa humwaga rangi. Onyo la FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, la Julai 2024, kwamba watu wasinunue asidi kali za hivi kujipaka bila mtaalamu, nimelisoma nikiwa tayari na doa.

Sisemi ni feki. Imefanya kazi sana tu.

Sasa ni miezi saba napaka losheni ya kuzuia jua asubuhi na mchana. Pembeni pamefifia, katikati bado. Kichupa kimebaki nusu, na jirani ameshakiulizia mara mbili.