Redio ya kadi na nyimbo za kushonea: uzoefu wangu wa miezi minane

Nashona nguo Chang'ombe, hapa Dodoma mjini, kwenye kibaraza chenye cherehani mbili: Butterfly ya kukanyaga niliyo nayo tangu sijaolewa, na ya umeme niliyoichukua baadaye kwa mkopo wa kikundi. Saa mbili asubuhi nimeshafungua, saa kumi na mbili jioni ndiyo nafunika. Muda wote huo macho yana kazi, mikono ina kazi, miguu ina kazi. Masikio ndiyo yamekaa bure. Kwa hiyo nachagua nyimbo kama ninavyochagua uzi: ukikosea, nguo inakusema.

Mwanzoni nilikuwa natumia simu. Hasara yake niliijua mwisho wa wiki. Kusikiliza nyimbo mtandaoni kwa ubora wa kawaida kunakula kama MB 60 kwa saa, na mimi nakaa pale saa kumi, kwa hiyo MB 600 zinaondoka kwa siku bila hata kugusa video. Ukigusa video usiulize. Halafu wimbo ukishakolea tu, mteja anapiga: "Dada fundi, gauni langu limefika wapi?" Muziki unakatika, uongo unaanza. "Liko kwenye pindo, mpenzi." Kumbe kitambaa hata chaki hakijaonja.

Mei mwaka jana nikaenda karibu na soko la Majengo nikanunua redio ndogo ya kuchaji, ile ya mraba yenye mkanda wa kubebea. Ina tundu la flashi, tundu la kadi ya memori, bluetooth na antena ya FM. Walianzia 45,000, tukavutana, nikaondoka nayo kwa 35,000. Kadi nikaichukua pembeni kwa 12,000.

Nianze na redio yenyewe. Sauti yake inanitosha. Ukipandisha kupita robo tatu inakoroma kama mtu mwenye mafua, na besi usiitarajie, lakini mimi nataka ishinde mlio wa cherehani ya umeme na isimshinde mteja anayeeleza anavyotaka shingo yake. Hapo imefaulu. FM inakamata vizuri, na TBC Taifa wakianza zilipendwa huwa sibadilishi. Kinachoniudhi ni ile sauti ya kike inayokutangazia kwa Kiingereza kila unapoiwasha kwamba uko kwenye bluetooth. Inatoka kwa nguvu zake zote hata kama uliipunguza jana, na hakuna kitufe cha kuinyamazisha. Imeshamwamsha mtoto wa mteja aliyelala kwenye rundo la vitenge, na kumbembeleza ilibidi nifanye mimi, maana mama yake alikuwa anajaribu blauzi nyuma ya pazia.

Betri ni hadithi nyingine. Miezi ya kwanza ilikwenda karibu siku nzima. Ilipofika Oktoba ikawa inakata baada ya saa mbili, tena umeme ukiwa umekatika, ndiyo wakati ninaoihitaji. Nikaipeleka kwa fundi simu, akafungua, ndani tukakuta betri bapa ya simu za batani, ile ya zamani kila mtu anaijua. Akaweka mpya kwa 5,000 na maisha yakaendelea. Kwa hiyo ukienda kununua, fungua kifuniko cha nyuma kwanza. Ukiona betri ya kuchomoa kwa kidole, chukua. Ikiwa imezibwa na kugandishwa na gundi, siku ikifa utatupa redio nzima.

Na vumbi. Anayeijua Dodoma ya Julai na Agosti anajua upepo wake. Tundu la kadi lilijaa vumbi mpaka kadi ikawa inasomeka leo, kesho haisomeki. Nikachukua kipande cha bitana nyepesi iliyobaki kwenye suti ya mtu, nikaishonea redio koti lenye zipu. Sauti inapita, vumbi halipiti. Wateja wawili wameshaniomba niwashonee na zao.

Sasa kadi. Iliandikwa GB 64. Nikaipeleka kwa kijana wa kuingiza nyimbo, akaijaza kwa shilingi 5,000. Nyimbo za mwanzo zikaimba vizuri. Baada ya hapo yakawa majina matupu: redio inahesabu namba ya wimbo, inanyamaza, inaruka kwenda nyingine, inanyamaza. Nikadhani redio ndiyo mbovu. Kijana mwingine, jirani yake, ndiye aliyenifungua macho. Akasema kadi za namna ile zinachezewa ili kompyuta ione nafasi kubwa kuliko iliyopo, na kinachozidi nafasi ya kweli kinapotea au kinafuta kilichotangulia. Ile yangu aliipima, ndani mlikuwa na GB 8. Akaniambia tena kwamba redio hizi za bei ndogo nyingi zimezoea kadi za mpaka GB 32. Kubwa zaidi ya hapo mara nyingi zinakuja na mpangilio ambao redio haiwezi kuusoma mpaka ziandaliwe upya. Nikanunua ya GB 16 mbele yake, akaipima kabla sijalipa. Kwa nyimbo za dakika nne nne hiyo ni kama nyimbo 4,000. Nitazeeka nazo.

Lakini tofauti kubwa ya hawa vijana wawili haikuwa kwenye kadi. Yule wa kwanza aliniuliza, "Mama, unataka za kufanyia nini?" Nikamjibu, "Za kushonea." Akacheka, akanijazia singeli.

Singeli siitukani. Kwenye sherehe nainuka na mimi. Ila ni muziki wa mapigo yanayozidi 200 kwa dakika, na kwenye cherehani ya kukanyaga mguu hauulizi ruhusa, unafuata ngoma. Binti ninayemfundisha alikuwa anapinda sketi za sare za shule. Nilikuwa najaribu koti ndani, nikasikia Butterfly inalia kama pikipiki inayopanda kilima. Nikatoka, nikakuta ameshamaliza sketi tatu kwa muda wa moja, anatabasamu. Nikazigeuza. Pindo lilikuwa linatembea kama nyoka: hapa limeshika nusu inchi, pale limekosa kitambaa kabisa. Tulifumua zote tatu kwa wembe, wimbo unaendelea, hakuna aliyekumbuka kuuzima.

Wiki iliyofuata nikahamia taarabu na Bongo Fleva za mapenzi. Mapigo yametulia, pindo limenyooka, nikajua nimepona. Tatizo lilikuja kwenye kukata. Taarabu ina kisa ndani, kuna anayesemwa, na mimi nikishasikia mtu anasemwa nataka nijue kafanya nini. Nilikuwa nakata gauni la bibi harusi mtarajiwa, kitambaa cha lesi nyeupe kilichotoka Dar, hakuna kipande cha ziada. Nimeinamia meza, mkasi unakwenda, nasubiri beti la tatu nisikie yule mwanamke atajibiwa nini. Nikamaliza, nikaviweka vipande pamoja. Mikono miwili, yote ya kushoto. Nilikaa kwenye stuli nikaangalia ukuta. Gauni lile lilikwenda harusini bila mikono, na mwenyewe aliambiwa ndiyo mtindo. Alipendeza, Mungu alinisaidia.

Tangu siku hiyo nimejiwekea utaratibu. Nikiwa nakata, kwanza hakuna maneno ya Kiswahili masikioni. Naweka magitaa matupu au Wakongo wanaoimba Kilingala, maana sielewi hata wakinitukana. Nikiwa kwenye mishono mirefu, ubavu wa gauni, shuka, mapazia, hapo naweka dansi la zamani.

Dansi la zamani ndilo nililokuja kulisifia hapa. Yule kijana wa pili alikaa na mimi karibu saa nzima, ananichezea vipande kwenye kompyuta huku akiniangalia mguu. Kweli, alikuwa ananiangalia mguu! Ukianza kupiga chini taratibu, anaingiza. Ndivyo tulivyopata folda ya Msondo, bendi iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, jina likibadilika na gitaa likibaki. Folda ya Sikinde, yaani Mlimani Park, walioanza 1978. Na folda nene ya Mbaraka Mwinshehe, jirani yetu wa Morogoro, akiwa na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, kabla ajali ya gari Mombasa haijamchukua mwaka 1979.

Kwa nini hizi zinashoneka? Nimelifikiria sana nikiwa pale. Wimbo wa dansi hauna haraka. Unaanza mwimbaji anaeleza shida yake polepole, kitambaa unakipanga, unabana pini. Magitaa matatu yanapokezana chini kwa chini, solo, rithimu na besi, na mguu unapata mwendo mmoja usiobadilika. Ukifika katikati waimbaji wanaachia, ala zinabaki zenyewe, ndipo mshono wa ubavu unanyooka kutoka kwapani mpaka chini bila kusimama. Wimbo mmoja kwangu ni kama ubavu mmoja na nusu wa gauni. Januari hii, msimu wa sare, nimehesabu kazi kwa nyimbo na nimemaliza oda zote kabla shule hazijafunguliwa, jambo ambalo mwaka juzi lilinishinda.

Asubuhi naweka kwaya, nyimbo chache za kufungulia, mpaka pasi ipate moto. Adhana ikilia msikiti wa jirani nazima mpaka imalizike. Jioni kwenye kumalizia vifungo, chochote.

Malalamiko mengine nayatoa haraka. Nyimbo nyingi mpya za hawa vijana zimepakuliwa kutoka kwenye mikusanyo ya madijei, kwa hiyo katikati ya wimbo mtu anapiga kelele jina lake mwenyewe, na ving'ora juu. Omba zilizo safi na ujaribu kabla hujalipa. Waambie wapange kwa folda, la sivyo redio inapiga kwa mfuatano ule ule nyimbo zilivyoingizwa, kwaya inafuatiwa na singeli na moyo unaruka. Na kuna hili linanikera hata mimi mwenyewe: pesa ninayotoa inabaki kwa kijana, waliopiga yale magitaa na watoto wao hawaioni. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999 na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo. Bado sijaona namna ambayo fundi cherehani wa barazani angemlipa mpiga besi wa zamani hata akitaka.

Folda ya mwisho sikuiomba. Kijana aliiweka kama nyongeza, akasema, "Mama, uko Dodoma, haiwezekani usiwe na Zawose." Hukwe Zawose ni Mgogo wa huku huku, aliyefundisha na kupiga Bagamoyo miaka mingi, akarekodi mpaka na Real World, lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza, akafariki 2003. Mimi si Mgogo, nimeolewa Ugogoni. Niliijaribu folda ile kazini ikanishinda: ilimba, ile ala ya vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba, inakwenda kwa mzunguko wake, zeze linakwaruza juu yake, sauti inapanda kutoka tumboni mpaka kwenye paji la uso, na mguu wangu haujui ushike kipi. Nikaiacha.

Hivi karibuni mama mkwe alikuja kutoka Mvumi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani anachambua mlenda, redio inapiga, na mimi kwa bahati mbaya nikabonyeza folda ile. Mikono yake ilisimama. Akasikiliza kama dakika nzima bila neno. Kisha mabega yakaanza, kidogo tu, kushoto, kulia, uso umetulia kabisa kama vile mabega ni ya mtu mwingine. Nikamuuliza, "Mama, unamjua huyu?" Akasema muziki huo haukai ndani ya sanduku, na wanawake wakiingia na muheme, ngoma zimebanwa mapajani, hata mgonjwa anatoka nje. Halafu akaanza kuitikia, sauti nyembamba ya juu ambayo sijawahi kuisikia kwake miaka yote kumi na minne. Binti aliacha kupiga pasi. Mteja aliyekuja kugombana kuhusu sketi yake akakaa kwenye benchi na kunyamaza.

Kama mnataka alama: redio naipa nyota tatu, kadi ya kwanza haina nyota, kijana wa pili nyota tano. Nina safari ya kwenda kwake Jumamosi hii na kadi mpya ya GB 16, nimwambie anirudishie Msondo, Sikinde na Mbaraka kama walivyokuwa. Ile yenye nyimbo zangu mama mkwe aliondoka nayo, na redio pia, koti la bitana na kila kitu. Alisema anaazima.