Kulipa kwa simu kaunta: nyota 4 kati ya 5

Hii ya kusogeza simu kwenye mashine ya keshia mi naikubali sana. Raha yake ni spidi, unafungua kwa kidole au sura, unasogeza, inalia tiit umemaliza, na namba halisi ya kadi yako ya benki uliyoiunga kwenye simu haiendi dukani, inatumwa namba mbadala tu. Kinachokera ni kulenga, maana NFC, yaani mawimbi ya redio ya karibu yanayounganisha simu na mashine, inashika kwenye sentimita 4 hivi, sasa mtu anapapasa mashine nzima na foleni nyuma inaguna, kumbe antena ya iPhone iko juu ukingoni na za Android nyingi ziko mgongoni. Kava la chuma ndo linagoma kabisa. Alafu simu ikizima chaji pale pale umeumbuka, ndo maana kadi bado natembea nayo.