Basi kubwa au taksi ya viti 14? Tathmini ya usafiri wa mjini Kampala

Kwa anayetoka Kireka au Bweyogerere saa moja asubuhi kuingia mjini, basi kubwa likipatikana ndilo la kupanda. Saa tano mchana, panda taksi, usipoteze muda kungoja. Majibu hayo mawili yanatokana na hesabu moja ya mafuta na viti, na hesabu hiyo ndiyo imeyaondoa mabasi barabarani kila mara yalipojaribiwa.

Mgeni kutoka Nairobi au Dar ajue kwanza kwamba taksi ya hapa ndiyo matatu au daladala yake: Toyota HiAce nyeupe yenye mkanda wa mirabaraba ya buluu, leseni ya abiria 14. Wawili hukaa mbele na dereva, waliobaki hujipanga watatu watatu nyuma. Viti vya kukunja viko upande wa mlango, kwa hiyo ukikaa hapo utainuka kila anaposhuka mtu wa nyuma. Safari ndefu, tafuta dirisha, ila simu isionekane mkononi kwenye foleni. Dirisha lililo wazi ni mlango wa mwizi.

Nauli haijabandikwa popote. Uliza mlangoni kabla hujakaa, kwa sababu ukishakaa umekubali. Kampala hadi Entebbe huwa kati ya Shs 3,000 na 5,000 kulingana na saa, na mvua ikinyesha jioni bei hupanda bila kuuliza mtu. Beba noti ndogo. Ukimpa konda noti ya 20,000 kwa safari ya 2,000, chenji itasubiri abiria wengine walipe, na ukishuka kabla hawajalipa ni mabishano. Ukikaribia unakoshukia sema “maaso awo” (hapo mbele) mapema, kama mita hamsini kabla, maana breki za HiAce nyingi hazipendi kushtukizwa. Konda atakuita ssebo (bwana) au nnyabo (bibi) hata akiwa anakudai kwa ukali.

Kasoro kubwa ya taksi ni kwamba haiondoki mpaka ijae. Mle Old Taxi Park, inakoanzia njia ya Jinja, ukipanda wa kwanza mchana jitayarishe kukaa kwenye joto huku wapiga debe wakigonga bati. Wenyeji hawaingii ndani ya paki. Hutembea hadi barabara ya kutokea na kudaka gari lililopungukiwa abiria mmoja au wawili. Kasoro ya pili ni kukatiza safari: jioni dereva akiona foleni mbele hushusha watu nusu ya njia, anageuza kufuata abiria wengine. Hapo dai sehemu ya nauli yako papo hapo, gari likiwa bado limesimama.

Sasa basi. Faida zake ni za wazi: nauli haipandi na mvua, kuna nafasi ya mzigo na mtoto, na hakuna anayekukalia mapajani. Lakini husikii abiria wa Kampala akilisifu sana. Atakwambia basi linachelewa, na hasemi uongo. Basi la viti 60 likingoja kujaa kama taksi, linangoja mara nne zaidi. Likiondoka bila kujaa, linaingia kwenye foleni ileile ya Jinja Road, halina njia yake, na haliwezi kukata kona ya vumbi kama HiAce. Kisha linabaki barabara kuu. Anayeishi mlimani, kilomita mbili ndani, bado atahitaji bodaboda, na akimlipa wa bodaboda Shs 1,500, nafuu yote ya nauli imekwisha.

Tuipige hiyo hesabu. Basi la mita 12 mjini hunywa kama lita 40 za dizeli kwa kilomita 100. HiAce kama lita 12 za petroli. Chukua safari ya kilomita 20, lita moja Shs 5,000, nauli Shs 2,000. Basi linachoma Shs 40,000, yaani linahitaji abiria 20 kabla halijamlipa dereva, tairi wala mkopo. Taksi inachoma Shs 12,000: abiria sita. Basi likijaa linaingiza Shs 120,000 na taksi 28,000, kwa hiyo asubuhi basi linashinda kwa mbali. Lakini linaporudi nje ya mji saa tatu likiwa na watu 12, kila kilomita ni hasara. Taksi saa hiyo imezima injini pakini, dereva amelala. Basi lenye ratiba haliruhusiwi kulala.

Kwa hiyo kinachohitaji fedha ya umma ni zile safari za mchana na za kurudi tupu. Kununua mabasi ni sehemu nyepesi, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopendeza kwenye picha. Kampuni ya mabasi ya UTC (Uganda Transport Company) iliyobeba mji kwa miongo ilidhoofika hadi kufa miaka ya 1990, na taksi zikajaza pengo. Mwaka 2012 kampuni ya Pioneer Easy Bus ikaleta mabasi ya rangi ya chungwa. Mwishoni mwa 2013 Mamlaka ya Mapato ikayazuia kwa deni la kodi la mabilioni ya shilingi. Serikali iliyotaka mabasi ndiyo iliyoyadai ushuru, na hakukuwa na mkataba wa kulipia safari zisizo na faida. Baadaye ukaja mpango wa kampuni ya Tondeka wa kuagiza mabasi 980 ya Ashok Leyland kutoka India, na mabishano ya miaka yakawa juu ya dhamana ya serikali kwa ununuzi. Swali la nani atalipia dizeli ya saa sita mchana halikusikika sana.

Mipaka nayo inachangia. KCCA, mamlaka ya jiji, inasimamia divisheni tano tu, lakini abiria wengi wanalala wilaya jirani za Wakiso na Mukono. Basi likivuka kuingia Kira, manispaa ya Wakiso, limeshatoka kwenye bajeti ya jiji, na hakuna halmashauri inayopenda kuchangia huduma ambayo sifa zake zitakwenda kwa jirani. Halafu kuna kura. Madereva, makonda, wapiga debe na wenye magari ni jeshi kubwa mjini; hata ada ya Shs 720,000 kwa mwaka kwa taksi moja, ambayo ni 60,000 tu kwa mwezi, imezua migomo na vikao visivyoisha. Mwanasiasa gani atachukua njia nzima ya Jinja Road na kuyapa mabasi pekee?

Basi la umeme la Kayoola la Kiira Motors linabadilisha sehemu moja ya hesabu. Watengenezaji wanasema linabeba watu 90, waliokaa na waliosimama, na kwenda kilomita 300 kwa chaji moja, kiasi cha kutosha siku nzima ya kazi mjini. Umeme ukiwa nafuu kuliko dizeli, safari tupu haiumi sana. Foleni haitaondoka, na bei ya kulinunua ni kubwa zaidi.

Kwa sasa, ukiona basi asubuhi kwenye barabara kuu na unakoshuka ni karibu na barabara hiyohiyo, panda. Baada ya saa tatu, au ukiwa unaelekea mtaa wa ndani, taksi hadi njiapanda na bodaboda kumalizia. Jioni kukiwa na mawingu, ondoka mjini kabla ya saa kumi na moja au kubali bei ya konda.