PVC ngumu au PVC laini?

Bomba la maji na ganda la waya wa umeme ni plastiki ileile: PVC. Takriban asilimia 57 ya uzito wake ni klorini itokanayo na chumvi. Tofauti kati ya hizi mbili ni vilainishi, yaani kemikali zinazochanganywa na plastiki ili iwe laini na ipindike.

PVC ngumu haina vilainishi. Haishiki kutu, huunganishwa kwa gundi, na ikifukiwa ardhini hudumu miongo mingi. Kwa maji baridi sioni sababu ya kuikwepa. Maji ya moto ndiyo adui yake: karibu na nyuzi 80 za Selsiasi huanza kulegea.

PVC laini ilianza mwaka 1926 kwa Waldo Semon, mkemia wa Marekani. Ndiyo ya nyaya, mipira ya kumwagilia na hata mifuko ya damu hospitalini. Ila vilainishi vyake, hasa vya jamii ya ftalati, havijafungamana na plastiki yenyewe, hutoka polepole. Umoja wa Ulaya umevibana katika vitu vya kuchezea. Kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni, mimi ningetafuta kitu kingine kabisa.

Zote mbili usizichome: moshi wake una kloridi ya hidrojeni, gesi inayounguza macho na mapafu.